Kachumbari ya embe, chumvi mwisho

Kaskazi ikishika, mimi moto nauwasha mara mbili tu kwa siku: asubuhi kabla jua halijapanda na jioni baada ya Alasiri. Jiko letu liko juu kabisa, chini ya makuti, kama majiko mengi ya nyumba za zamani hapa Amu, yaani Lamu, na kuanzia Januari mpaka Machi saa sita ya mchana huko juu hakukaliki. Basi mchana tunakula vitu visivyoonja moto. Kachumbari ya embe ndiyo inayotawala.

Wenzetu wa Ulaya hula saladi zao mwezi wa Julai. Julai kwetu ni kusi, bahari imechafuka, na mtu anataka mchuzi wa moto na shuka. Saladi yetu ina miezi yake, nayo ni hii ya jua kali na embe ngowe sokoni.

Nianze na embe, maana hapo ndipo kazi yote ilipo. Ngowe ni lile refu lenye ncha iliyopinda, nyama yake ya rangi ya chungwa na nyuzi zake chache. Dodo lina nyuzi, ukilikata vipande linakuachia manyoya kwenye meno. Boribo nalikubali ngowe ikiadimika. Lakini la aina yoyote liwe halijamaliza kuiva: ganda bado kijani huku manjano yameanza kuingia kwenye mabega, na ukilibonyeza karibu na kikonyo lisibonyee. Hili wauzaji hawalielewi kabisa. Juzi pale sokoni karibu na ngome:

"Ami, nataka maembe ya kukata, si ya kunyonya."

"Haya yameiva, mwanangu, sukari tupu."

"Ndiyo maana siyataki."

Akanitazama kama niliyepungukiwa, akanichagulia magumu kutoka chini ya tenga, akanipunguzia na bei. Embe lililoiva sana ukilitia ndimu na kulichanganya mara mbili linakuwa uji. Lililoanza kuiva lina uchachu wake, linashika umbo, na utamu wake haugombani na kitunguu.

Ukifika nyumbani likate kikonyo, lisimamishe kichwa chini utomvu wote utoke, kisha lioshe. Mwembe na mkorosho ni jamaa moja, na utomvu wao unawasha. Dada yangu akilipasua embe kwa meno bila kulimenya, midomo inamvimba siku nzima, na bado hakomi.

Kuosha ni kabla ya kukata, wala si baada. Nalisisitiza kwa sababu kila kitu hapa kinaliwa kibichi, na pwani hii kipindupindu tunakijua. Visima vingi vya mjini maji yake yana munyu. Maji matamu tunayapata kutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Hata hayo matamu, mboga za kuliwa mbichi naziosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini. Karoti naisugua kwa brashi, maana udongo hujificha kwenye mikunjo yake.

Sasa vya kukata. Kwa watu sita natumia maembe matatu, matango mawili, karoti moja, kitunguu maji kimoja kikubwa na kabichi kiasi cha konzi moja iliyokatwa nyembamba. Tango nalionja kwanza upande wa kikonyo, kwa sababu lililokosa maji shambani huwa chungu na uchungu hukaa zaidi upande huo. Nalipasua kwa urefu, nakwangua mbegu kwa kijiko, kisha nakata. Zile mbegu ni maji matupu. Kitunguu nakikata nyembamba, nakitia chumvi, nakivuruga kwa vidole mpaka kilegee, kisha nakisuuza mara mbili na kukikamua. Hapo kitabaki na harufu yake lakini hakitakutoa machozi mezani, wala hakitawafukuza wenzako msikitini.

Nyanya siitii. Mume wangu mpaka leo anauliza kachumbari gani isiyo na nyanya, na mimi mpaka leo simjibu. Nyanya zetu zinapanda lori, zinashushwa Mokowe, zinavuka kwa boti, zinapanda punda, na zikifika mlangoni kwangu zimeshachoka. Ukizikata zinatoa maji, maji yanalowesha kabichi, na embe halisikiki tena. Zitafutie mchuzi.

Tunda la pili likiwepo ni balungi, lililotolewa ngozi zote hata ile nyembamba ya kila kijipande, maana uchungu uko kwenye ngozi. Ama papai lililoanza tu kugeuka rangi. Tikiti maji lina sahani yake peke yake, tena baadaye. Kuna mwenzangu anayepikia wageni huko Shela, yeye hutia majani ya mrehani na wageni wanamsifu sana. Mimi siwezi. Mrehani kwangu ni wa kikuba, kile kishada cha kunukia wanachojipamba nacho wanawake, pamoja na asmini. Nikiukuta kwenye sahani nahisi namla bibi harusi. Natia mnanaa, na dania kidogo.

Pilipili mbuzi nusu yatosha, imetolewa mbegu na kukatwa ndogo kabisa. Harufu yake na ya embe zinapendana. Ukimaliza osha mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto.

Ya kuunganishia ni ndimu mbili na vijiko vitatu vya kasimile. Nazi naikuna asubuhi, naikamua kwa maji kidogo sana, nachukua lile tui la kwanza zito tu. Mayonezi ya chupa wanayo madukani, anayetaka akanunue, lakini kwa joto hili inakaa nzito kifuani. Kasimile inalainisha ukali wa ndimu na haifuniki kitu.

Na chumvi mwisho. Watu wengi wanatia chumvi mwanzoni pamoja na ndimu, wanachanganya, wanafunika, wanaiacha "ikolee". Chumvi huyavuta maji yaliyomo ndani ya tango, ndani ya kabichi, ndani ya embe lenyewe. Ukiiacha nusu saa unarudi kukuta mboga zimelegea zinaelea. Kwa kitunguu tunalitaka hilo, ndiyo maana nakitia chumvi peke yake na kukikamua. Vingine vyote nataka vivunjike mdomoni, na ule ubaridi unaousikia unapotafuna tango ni hayo maji yakitoka wakati huo, si dakika thelathini kabla. Kwa hiyo natia ndimu, pilipili na majani, nachanganya kwa mikono, na kibakuli cha chumvi nakiweka kando. Ramadhani nyingine, kama ile ya 2025 iliyoanza mwanzoni mwa Machi, zinaangukia joto hili hili: nakata vyote baada ya Alasiri, na chumvi naitia adhana ya Magharibi ikianza, wakati watu wako kwenye tende.

Kuhusu ubaridi wenyewe: embe lipoze zima, kabla hujalikata. Friji ikiwa na stima, saa moja inatosha. Likizidi kuwa baridi harufu yake inapotea na utamu unapungua. Stima ikikatika, nafunga maembe na matango kwa kitambaa cha pamba kilicholoa na kuyaweka dirishani panapopita upepo. Hayatakuwa barafu, lakini yatashuka joto la kutosha mtu kusema ahsante.

Korosho na simsim vyote vinalimwa upande wa bara wa kaunti yetu, kwa hiyo ukinunua hapa vinakuwa vya karibu. Navikaanga kavu asubuhi kwenye makaa yaliyobaki ya chai, korosho nazivunja kidogo, na navinyunyiza juu pamoja na chumvi. Ukivichanganya mapema vinalainika.

Tunaila na samaki wa kuchoma wa baridi aliyebaki jana, changu hasa, au na mkate wa mofa. Maji kidogo yanayokusanyika chini ya bakuli, ya ndimu, embe na kasimile, usiyamwage, yamwagie samaki. Lakini isilale. Kasimile haifiki asubuhi kwa joto hili, na ya kwangu haijawahi kufika hata Isha.