Siku moja ya mkandaji wa Tanga mjini Guangzhou

Nikisema nasomea tiba ya Kichina, nyumbani wanafurahi. Nikiongeza kwamba fani yangu ni tuina, yaani kukanda, simu inapoa kidogo, kisha shangazi anauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, masaji hizi hizi za mjini?" Hapana shangazi. Hii ni ya hospitalini, navaa koti jeupe na mgonjwa ana faili. Niko kwenye mafunzo kwa vitendo, na leo nawapitisha siku yangu nzima muone wenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi nakatiza Yuexiu Park. Wazee wameshafika zamani. Wanajikanda wenyewe, hawamlipi mtu. Wanasugua viganja mpaka vipate moto, wanavipitisha usoni kama wanaonawa bila maji, wanachana nywele kwa ncha za vidole kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Wanagonganisha meno mara 36 na kumeza mate. Kisha inakuja ngoma ya mbinguni, ninayoipenda kuliko zote: viganja vinaziba masikio, vidole vinaelekea kisogoni, kidole cha shahada kinapanda juu ya cha kati na kuteleza kwa nguvu hadi kigonge mfupa. Kichwani unasikia dum, dum. Mara 24. Mgeni akipita anacheka, na wazee hawana habari naye.

Mambo haya ni ya kale. Kwenye kaburi la Mawangdui, Changsha, lililofungwa mwaka 168 KK na kufukuliwa miaka ya 1970, ilikutwa hariri yenye michoro 44 ya watu wanaojinyoosha na kujichua viungo. Tabibu Sun Simiao wa enzi ya Tang, aliyefariki mwaka 682, aliandika utaratibu wa kujikanda kila siku. Wanaomsifu wanasema alivuka miaka mia moja. Hiyo miaka mimi simhesabii. Ninachokiona ni kwamba bibi wa pale bustanini anainama na kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe, wakati mimi kiuno kinalia.

Saa mbili idara inafunguliwa, na hadi saa sita ni shingo, bega, kiuno, shingo, kiuno. Mbinu yetu kuu ni kubiringisha mgongo wa mkono juu ya msuli, mara 120 hadi 160 kwa dakika, bila kuruka wala kusugua ngozi. Kabla ya kumgusa binadamu tulijifunzia kwenye mfuko wa mchele, jioni kwa jioni, hadi vifundo vya vidole vikaota sugu. Anayedhani kazi hii ni kupakana mafuta aje abiringishe dakika tano tu.

Saa sita tunakula, taa zinazimwa, na wote, hata madaktari wakubwa, tunalala kwenye vitanda vya wagonjwa.

Saa tisa akaja yule kaka. Mfanyabiashara wa Kariakoo, amefuata mikoba ya mtaa wa Sanyuanli hapa mjini, amesikia kuna Mswahili kwetu. Shingo imekakamaa, hawezi kugeuka kushoto. Nikamlaza kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda. Sijamaliza hata kupasha moto bega, nikasikia anaongea. Kumbe simu ameiweka sakafuni, chini ya tundu, anapatana bei ya kontena huku nimemkalia shingoni!

"Kaka, tuzime simu kidogo."

"Dada, we endelea tu. Halafu kaza mkono, sisikii kitu."

"Nguvu siyo dawa, kaka. Nikikaza zaidi msuli unajikaza pia."

"Mi nimeshalipia dirishani. Kaza."

Nikaendelea kwa mkono wangu uleule. Akanung'unika, akatuma sauti, akacheka na mtu wa Dar, akaniuliza kama naolewa huku. Kila anapoinua kichwa kutazama skrini, kazi yote niliyoifanya inarudi mwanzo. Dakika 20 za tiba zikawa kama saa nzima.

Mwisho nikamkalisha nimfundishe cha kufanya hotelini. Kumbatia kisogo kwa mikono miwili, dole gumba liingie kwenye kishimo chini ya mfupa wa fuvu, pembeni ya msuli mnene wa shingo. Hapo panaitwa Fengchi. Bonyeza polepole huku unapumua, kisha zungusha. Akanitazama kama nimemtapeli.

"Sasa kama naweza kujifanyia mwenyewe, nimekulipa wewe wa nini?"

Kwa kweli hilo ndilo swali la kazi nzima. Mimi nakufungulia shingo leo. Simu utainamia tena kesho, na kesho mimi sipo hotelini kwako. Nikamwambia hivyo, akasema, "Haya daktari," kwa ile sauti ya kumridhisha mtoto.

Baada yake sikutazama saa tena. Kiuno kingine. Mtoto wa shule aliyenionyesha kwa fahari anavyojikanda pembezoni mwa macho, zoezi la shule za China tangu miaka ya 1960 (naye amevaa miwani minene). Mjamzito aliyeteguka kifundo cha mguu. Huyo hata Hegu, pale kati ya dole gumba na shahada, hatumbonyezi, maana inasemekana huamsha uchungu. Vidole gumba vikaanza kufa ganzi. Nikamkumbuka bibi yangu Tanga, aliyewakanda wazazi kwa maji ya moto siku arobaini, na hakuna aliyemuuliza kwa sauti ya chini ni masaji gani.

Bwenini nililoweka mikono kwenye maji ya moto, nikavuta kidole kimoja kimoja, nikabonyeza Zusanli, vidole vinne chini ya pia ya goti, upande wa nje wa mfupa. Tumbo nikaliacha, maana nilikuwa nimetoka kula.

Simu ikalia. Ni kaka wa Kariakoo: shingo sasa inageuka, ila je, naweza kumfuata hotelini usiku huu, atalipa mara mbili?

Nikamtumia jina la idara, namba ya dirisha la kulipia na saa ya kufungua. Akajibu kwa kidole gumba. Nikachukua kikata kucha, maana zamu ya kesho inaanza saa mbili na kucha ndefu humchuna mgonjwa.