Kabla ya kumeza kidonge cha nywele

Kila ninapogeuza chupa ya vidonge vya nywele nisome maandishi madogo ya nyuma, jicho langu hukimbilia bayotini, yaani vitamini B7. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku, kiasi ambacho mlo wa kawaida hukitosheleza, ilhali kidonge kimoja aghalabu huwa na mikrogramu 5,000 au hata 10,000. Upungufu wa kweli wa vitamini hii ni nadra, na kwa asiyepungukiwa sijaona ushahidi wa kuridhisha kwamba ziada hiyo huotesha chochote.

Mbona basi wengi huapa kwamba vidonge viliwafaa? Nadhani jibu limo katika mwenendo wa nywele zenyewe. Baada ya homa kali, kujifungua, upasuaji au kupungua uzito ghafla, nywele nyingi huingia kwa pamoja katika kipindi cha mapumziko, kisha huanza kupukutika miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mwenyewe amekwisha kuusahau ugonjwa. Huona mafungu yamenasa kwenye chanuo, hushtuka, hununua chupa. Baada ya miezi kadhaa nywele hurudi, kama ambavyo aghalabu zingerudi hata bila chupa hiyo, na sifa zote hupewa kidonge.

Sisemi kwamba virutubishi havina kazi. Mwanamke anayepoteza damu nyingi ya hedhi anaweza kuishiwa akiba ya madini ya chuma, ambayo hujulikana kwa kipimo cha feritini, na huyo kumpa chuma ni kumtibu. Kumeza kwa kubahatisha ni jambo jingine: vitamini A na seleniamu zikizidi mwilini zenyewe hunyonyoa nywele, na upara wa kurithi, ambao chanzo chake ni homoni na nasaba, hautibiwi kwa vitamini.

Linalonitia wasiwasi zaidi halihusu nywele kabisa. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba bayotini nyingi huweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya damu, kikiwemo cha troponini kinachotumika kutambua mshtuko wa moyo, kikasomeka chini kuliko hali halisi. Vipimo vya tezi ya thairoidi navyo huweza kupotoshwa. Anayekwenda kupimwa amtajie daktari kila kidonge anachomeza, hata alichojinunulia bila cheti, na aulize akiache siku ngapi kabla ya kutolewa damu.