Mjomba katika njia za Udzungwa

Mjomba wangu, Mgogo wa Mvumi aliyekulia machungani, ndiye aliyetaka twende Udzungwa, na sababu aliyoitoa ilikuwa moja tu: alisikia kwamba ndani ya hifadhi hiyo hakuna barabara, hivyo kila mgeni, awe na fedha au asiwe nazo, hutembea kwa miguu. Ilikuwa Septemba 2024, treni ya umeme ikiwa ngeni bado Dodoma. Tulishuka Morogoro, tukapanda basi la Ifakara pale Msamvu, na tulipoyapita mashamba ya miwa ya Kidatu milima ilisimama upande wetu wa kulia kama ukuta hadi Mang'ula.

Ofisini, mhifadhi alitupangia njia kwa urefu wake: ya maporomoko ya Prince Bernhard, ambayo ni fupi sana, ya Sanje, inayochukua nusu siku, na ya kilele cha Mwanihana, inayotaka siku tatu, hema na askari mwenye bunduki kwa sababu ya tembo na nyati. Mjomba aliinyoosha fimbo yake kuelekea Mwanihana. Nilikataa, kwa kuwa mama yangu ndiye dada yake na mimi ndiye ambaye ningeulizwa, tukakubaliana hizo mbili za kwanza.

Njia fupi hudharauliwa na wageni wenye haraka, nami naona wanakosea. Alasiri ile, kabla hata hatujasikia maji, mbega wekundu wa Udzungwa walikuwa wakirukaruka juu yetu, nao ni wanyama wasiopatikana popote duniani isipokuwa katika milima hii na viunga vyake. Mjomba alisimama akiwatazama kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuhesabu mifugo, akatuonyesha jike lenye mtoto kifuani ambalo mimi na kijana aliyetuongoza hatukuwa tumeliona.

Kesho yake tulipanda Sanje. Msitu wa Udzungwa huanzia chini, kwenye mita 250 hivi, na kupanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2000, kwa hiyo tulitembea kivulini karibu muda wote, jambo ambalo mtu wa Dodoma hulishangaa mwezi wa tisa. Kila tulipovuka kijito mjomba aliinama, akachovya vidole na kujipangusa usoni. Kwao, msimu kama huo, maji huchimbwa kwenye mchanga wa korongo. Penye mwamba wenye unyevu aligusa ua dogo la zambarau, aina ya Saintpaulia, lenye majani mazito yenye manyoya laini, akauliza kama mbuzi hulila. Mwongozaji alicheka, akamwambia kwamba Ulaya watu hulipanda kwenye vyungu na kuliweka dirishani.

Maporomoko ya Sanje huanguka mita 170 kwa ngazi tatu. Tulipofika juu, bonde la Kilombero likiwa limetandaa chini yetu, mjomba aliyatazama maji kwa muda mrefu, uso umemkunjamana.

"Kijana, yote haya yanamwagika bure?"

"Hapana, mzee. Yanateremka hadi Rufiji, yanafika Bwawa la Nyerere na kuzalisha umeme."

"Kumbe ndiyo yaliyotuleta na treni," alisema mjomba, na uso ukakunjuka.

Kushuka kulimtesa zaidi kuliko kupanda. Majani makavu yaliteleza juu ya mawe, na magoti yake yalianza kulalamika, ingawa yeye mwenyewe hakulalamika hata mara moja. Alitanguliza fimbo, akaijaribu ardhi, ndipo akakanyaga, nasi tukapunguza mwendo ili tusimwache. Mwongozaji alijitolea kumbebea mkoba, akajibiwa kwa upole kwamba aubebe wa mpwa wake, anayehema zaidi.

Tuliporudi Mang'ula, mjomba aliingia tena ofisini peke yake. Alitoka na karatasi yenye ada za kupanda Mwanihana, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni, kisha akaniagiza nisimwambie mama yangu chochote mpaka mavuno yapite.