Jinsi tulivyokiingiza kiwanja cha Miembeni kwenye ramani ya jiji

Nimezaliwa Walukuba, mtaa wa Jinja, Uganda, mwaka 1971. Baba alitoka Busia akaja kuyeyusha shaba iliyoletwa kwa treni kutoka migodi ya Kilembe. Mama alitoka Tororo. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi nyumbani tukasema Kiswahili, na mtaa mzima ulikuwa hivyo. Nyuma ya safu yetu ya nyumba kulikuwa na kiwanja chenye miembe sita, na chini yake korongo linaloteremka kuelekea Ziwa Victoria. Hapo tulicheza, hapo tuliaga maiti kabla ya kusafirishwa makwao, hapo akina mama walianika mihogo. Hakuna aliyepaita bustani. Tulipaita Miembeni.

Asubuhi moja mwezi Februari 2022 nilikuta vigingi vinne vimepigwa katikati ya uwanja, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu. Jinja ilikuwa jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, na tangu siku hiyo kila kipande cha ardhi kilianza kuulizwa bei. Jirani akaniambia kuna mtu ameomba agawiwe pale kama ardhi isiyo na mwenyewe.

Maneno hayo yalininyima usingizi. Kijana mmoja wa mtaani aliyesomea sheria ndiye aliyenisomea Katiba ya 1995. Ibara ya 241 inaipa bodi ya ardhi ya wilaya kazi ya kushika na kugawa ardhi ambayo si ya mtu wala ya mamlaka yoyote. Ibara ya 237 nayo inasema maziwa, mito, ardhi oevu, misitu ya hifadhi na ardhi iliyotengwa kwa ajili ya mazingira na utalii hushikwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Kati ya ibara hizo mbili ndimo Miembeni ilimokuwa imesimama, haina karatasi. Kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba ilitengwa, mtu angeweza kusema kwa uso mkavu kwamba haina mwenyewe, hata kama watoto wetu wote wamejifunza kutembea pale.

Mwanzo nilifanya wanavyofanya wengi: nilizunguka na daftari nikikusanya saini. Nilipata zaidi ya mia mbili. Afisa aliyezipokea alinisikiliza kwa adabu, akazipitia zote, kisha akaniambia, "Mama, watu wenu ni wengi. Lakini hapa sioni kiwanja kinaanzia wapi na kinaishia wapi." Nilitoka nikiwa na hasira. Ilinichukua wiki nzima kukubali kwamba alikuwa amenipa msaada mkubwa kuliko wote niliowahi kupata katika jambo hili.

Nikawaendea wazee watano walioishi Walukuba tangu enzi za viwanda. Nikampa kila mmoja fungu la vijiti vilivyofungwa vitambaa vya rangi yake, nikamwomba atembee peke yake, siku yake, na achomeke kijiti kila anapokumbuka palikuwa mpaka. Sikutaka watembee pamoja, maana mzee mwenye sauti kubwa huwabeba wenzake. Siku ya sita tulipokwenda kuangalia, pande tatu vitambaa vilikuwa karibu karibu, hatua mbili tatu tu. Upande wa nne, ule wa korongo, vilitofautiana kwa hatua arobaini.

Ubishi uliozuka pale ndio uliotufundisha mengi. Mzee mmoja, aliyefanya kazi kiwanda cha nguo cha Nytil, alisema korongo halikuwa la mtu kwa sababu ziwa hulidai. Akatusimulia mwaka 1964, maji yalivyopanda hadi watu wa mwaloni wakahama. Wengine walimwona anaongeza chumvi. Lakini kipimo cha maji kipo hapa hapa Jinja, na rekodi zake zinajulikana: Mei 1964 ziwa lilifika mita 13.41 kwenye kipimo hicho. Kisha Mei 2020 likafika mita 13.42, na sote tuliona kwa macho yetu Masese, mtaa wa kando ya ziwa, ulivyozama. "Mimi sikuhitaji kipimo," mzee alisema, "nilihama na godoro kichwani."

Kwa simu yenye GPS kijana wetu alichukua nukta za kila kijiti. Sasa tulikuwa na mpaka wa kumbukumbu. Tulihitaji wa karatasi, na karatasi za zamani za upimaji ziko Entebbe.

Nilisafiri na mwenyekiti wetu wa LC1, baraza la mtaa. Kutoka Jinja njia inapita katikati ya msitu wa Mabira, na siwezi kupita pale bila kukumbuka 2007, serikali ilipotaka kutoa karibu hekta 7,100, kama robo ya msitu, zilimwe miwa. Watu waliingia barabarani Kampala, wengine wakapoteza maisha, na mpango ukasimamishwa. Mabira ilikuwa hifadhi kwa tangazo la serikali tangu 1932. Nilimwambia mwenyekiti kwamba wale waandamanaji walikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: msitu wenye jina na mpaka unaojulikana.

Tuliwahi Entebbe kabla ofisi haijafunguliwa, tukasubiri katika bustani ya mimea. Ilianzishwa 1898, na haikuanzishwa ili watu wapunge upepo. Ilikuwa mahali pa kujaribia miti ya mpira, kahawa na kakao kabla ya kupelekwa mashambani. Nilikaa chini ya mti mkubwa nikifikiria kwamba bustani ile imedumu kwa kuwa tangu siku ya kwanza ilikuwa na kazi. Wazo hilo nilirudi nalo nyumbani.

Ramani ilipatikana siku ya pili, kwa uvumilivu wa karani mmoja ambaye hakutuchoka. Karatasi ya miaka ya 1950, imekunjwa hadi mikunjo imekuwa myeupe. Safu za nyumba zetu zilikuwemo, na nyuma yake eneo limeandikwa kuwa ni la wazi. Mwenyekiti alinishika mkono. Kisha tukaangalia vizuri zaidi. Upande wa barabara kiwanja kilikuwa kidogo kuliko tulivyodai, maana kipande kilikuwa hifadhi ya barabara. Na upande wa korongo kilikuwa kikubwa kuliko mzee yeyote alivyokumbuka: korongo lote, hadi karibu na ziwa, lilikuwa limeachwa wazi. Katika korongo hilo ndimo kaya kumi na moja zinamolima magimbi na miwa. Kaya mojawapo ni yangu. Bustani ile niliirithi kwa mama.

Nilirudi na nakala nikiwa nimeamua kuionesha yote, pamoja na sehemu inayoniumiza. Kama ningeonesha nusu, mtu wa vigingi vyekundu angeonesha nusu nyingine.

Mkutano ulikuwa mgumu, ingawa si kwa sababu ya magimbi kama nilivyotarajia. Mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini tutetee mistari ya mkoloni. Aliuliza haki. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na Waingereza, alizunguka Kenya, Uganda na Zanzibar mwaka 1913, na katika ripoti yake akapendekeza makazi ya Wazungu yatengwe na ya Waasia na Waafrika kwa ukanda mtupu wa yadi 300 au zaidi, karibu mita 275. Sababu iliyotajwa ilikuwa malaria na usafi. Katika miji mingi ya eneo letu viwanja vya gofu na mabonde yaliyoachwa wazi vilifanya kazi hiyo hiyo ya kutenganisha watu. Hata Ernst May, Mjerumani aliyechora upanuzi wa Kampala upande wa Kololo na Naguru kati ya 1945 na 1947, aliyeacha mabonde yawe kijani na kuupa mji nafasi ya kupumua, bado alipanga kila rangi ya watu na mlima wake.

Nilimjibu mzee kwamba ni kweli tupu, na kwamba mimi sitetei sababu yao. Ninatetea udongo ambao mvua ikinyesha hupokea maji badala ya kuyaleta sebuleni kwangu. Akanitazama, akasema, "Basi liandikwe hilo kwanza, kabla ya miti." Tukaliandika la kwanza.

Pendekezo letu kwa mpango wa jiji lilikuwa kurasa tatu. Kila sehemu tuliipa kazi, kama Entebbe. Juu, uwanja wa kuchezea, bila uzio, maana nimeona maeneo yaliyozungushiwa uzio yakigeuka kumbi za kukodisha harusi. Pembeni, meza za akina mama wauza chapati na samaki, kwa kibali, kwa sababu mahali penye muuzaji kuanzia alfajiri hadi usiku hapapigwi vigingi kimyakimya. Kwenye mteremko, miti ya misambya na misizi, na mivule michache kwa ajili ya wajukuu. Mikaratusi tuliikataa kwa kuwa inakunywa maji mno. Chini kabisa tulitaja kanuni za mwaka 2000 zinazolinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, na tukaomba pasijengwe kitu.

Tuliambatanisha nukta za mpaka, nakala ya ramani na maelezo ya wazee. Saini zikaja mwisho kabisa.

Ilichukua miezi kumi na tisa. Ombi la yule mtu lilikataliwa, vigingi vikang'olewa na wapimaji wenyewe, na Miembeni ikaingia katika rasimu ya mpango wa kata yetu kama eneo la wazi, kwa mipaka ya ramani, si ile tuliyoidai. Kipande cha barabara tulikiachia. Fedha za mfereji wa maji ya mvua bado hazijatengwa, na kila robo mwaka ninakwenda kuuliza.

Korongo lilituchukua muda zaidi. Kaya saba zimekubali kuvuna na kuondoka. Nne zinasema zitaondoka zikioneshwa mahali pengine pa kulima, na mimi ninaona wana hoja. Sehemu yangu nilivuna mwezi uliopita. Pale yalipokuwa magimbi ya mama nimepanda mstari wa ule mmea wa mpaka ambao Waganda huuita mulamula, kutoka kwenye jiwe la wapimaji hadi ukingo wa maji. Vipande ishirini na nane nilivikata mwenyewe uani kwa jirani, na hadi jana jioni ishirini na tano vilikuwa vimechipua.