Seva zilizodhaniwa zimekufa

Huduma yenyewe niliikuta imeshajengwa. Kazi yake ilikuwa kupokea maandishi marefu, tasnifu hasa, kuyalinganisha na mengine yaliyohifadhiwa, kisha kuonyesha sehemu zinazofanana. Iliandikwa kwa lugha ya Python juu ya asyncio, maktaba yake ya kuendesha kazi nyingi kwa kupishana, na karibu kila funksheni ilitanguliwa na neno async. Kwa muda mrefu haikumsumbua mtu.

Ikaja tarehe ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu, seva zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Nasema kufa kwa sababu ndivyo kisawazisha mzigo, kile kinachogawa maombi kwa seva, kilivyoamini. Kila baada ya sekunde chache kilikuwa kikiiuliza kila seva kama ipo, nacho hakikuhitaji zaidi ya jibu la neno moja. Jibu lisipokuja, seva inaondolewa na mzigo wake unatupiwa zilizobaki, nazo zinazidiwa vilevile. Nilipoingia kwenye mojawapo na kuendesha top, amri inayoonyesha kompyuta inashughulika na nini, nilikuta i hai kabisa: kiini kimoja cha CPU kiko asilimia 100, vingine saba havina kazi.

"Lakini si kila kitu tumekiweka async?" mwenzangu akauliza.

Ndiyo, na hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Kitanzi cha matukio cha asyncio, kile kinachozipa kazi zamu, hukimbia kwenye uzi (thread) mmoja, yaani mfululizo mmoja wa maagizo. Kazi moja huipisha nyingine pale tu inapofika kwenye await na kukuta kitu cha kusubiri: hifadhidata, mtandao, seva nyingine. Ulinganishaji wetu haukusubiri chochote. Ulikuwa Python tupu, ukikata maandishi vipande vya maneno matano matano na kuvisaka kwenye faharasa, bila await hata moja katikati. Swali la kisawazisha likabaki foleni nyuma ya tasnifu ya mtu.

Ili tusibishane kwa kukisia, niliwasha PYTHONASYNCIODEBUG=1, hali inayoandika kwenye logi kila kazi inayong'ang'ania kitanzi kwa zaidi ya milisekunde 100. Logi ikafurika. Mstari mmoja uliishia na "took 6.412 seconds". Sekunde sita na ushei seva haijasikia lolote kutoka nje! Ubishi ukaisha.

Mwenzangu alipendekeza asyncio.to_thread, inayohamishia kazi kwenye uzi mwingine, mstari mmoja tu wa kubadilisha. Tukaujaribu, na kwa kweli seva ziliacha kuondolewa. Ila muda wa kumaliza tasnifu haukupungua, na vile viini saba viliendelea kukaa bure. Nyuzi za Python hugombea kufuli moja, GIL, kama wasemaji wenye kipaza sauti kimoja: wanaweza kujaa jukwaani, lakini anayesikika ni mmoja. Uzi unaokokotoa huombwa kuliachia kila baada ya milisekunde 5, basi kitanzi kinapata zamu, kwa kusuasua. (Ingekuwa kazi ya NumPy, maktaba ya hesabu, au kuhashi faili kubwa, hadithi ingekuwa nyingine, maana huko msimbo wa C huliachia kufuli wakati wa hesabu. Toleo la 3.13 la mwaka 2024 lilileta Python isiyo na kufuli hilo, kwa majaribio. Sisi tulikuwa nyuma ya hapo.)

Tukahamia ProcessPoolExecutor: michakato inayojitegemea, kila mmoja na kufuli lake, nasi tunaipelekea kazi kwa run_in_executor. Niliomba michakato saba, kiini cha nane nikiachie kitanzi. Jaribio la kwanza liliniudhi, kwani lilikuwa polepole kuliko nyuzi. Kumbe kila ombi lilikuwa linaibeba faharasa nzima kama hoja ya funksheni, na kila kinachovuka kwenda mchakato mwingine lazima kifungashwe na pickle, zana ya Python ya kufungasha data, upande huu, kifunguliwe upande ule. Suluhisho likawa kuipakia faharasa mara moja kila mchakato unapozaliwa, kwa kigezo cha initializer, na kutuma maandishi tu. Tulilipa kwa RAM, nakala saba za faharasa ileile. Binafsi niliona bei hiyo ni ya haki.

Kilichotuchelewesha kuliko vyote sikukitarajia. Mteja akichoka kusubiri na kukata muunganisho, kazi ya asyncio inafutwa, lakini mchakato ulioanza kukokotoa haujui hilo. Unaendelea mpaka mwisho kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuondoka. Mteja huyo naye anatuma upya. Mwenzangu aliweka semafo, kihesabu cha nafasi, ya kuzuia kazi kuzidi uwezo, wazo zuri, ila semafo iliachiwa pale ombi lilipofutwa, wakati mchakato bado una kazi. Hesabu ikasema kuna nafasi mahali ambapo hapakuwa na nafasi.

Tukaihamisha hesabu ile: ikapungua pale tu mchakato wenyewe ulipotangaza kumaliza, kwa add_done_callback kwenye future (kishikio cha matokeo yanayosubiriwa) ya kundi la michakato. Foleni ikijaa, tukajibu 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa, na kumwambia mteja arudi baadaye. Waliosimamia bidhaa hawakuipenda ile 503 hata kidogo, na mjadala wa foleni iwe ndefu kiasi gani ulituchukua muda kuliko msimbo wote. Mimi nilitaka iwe fupi. Wao walitaka ndefu. Tuliiweka kwenye faili la usanidi, na kila mtu akaacha kuigusa.