Jumamosi Tunapanda Ngosi

Wapwa zangu wawili wanakuja Mbeya kutoka Dar kwa mapumziko ya Nane Nane, na wameshasema wazi: mabanda ya maonyesho yanaweza kusubiri, wanachotaka ni Ziwa Ngosi, lile lililo ndani ya shimo la volkano katikati ya msitu. Nimefurahi sana. Sijui mahali pengine huku kwetu ninapotamani zaidi kumpeleka kijana. Ila safari ya Ngosi mimi huipanga kuanzia mwisho. Natafuta kwanza saa ya kutoka msituni, ndipo nirudi nyuma hadi saa ya kuamka.

Mwezi wa nane huku jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na nusu na ushee. Hayo ni ya barabarani. Ndani ya msitu, chini ya miti mikubwa na mianzi, giza linakuwahi. Kwa hiyo saa kumi jioni nataka tuwe tumeshaiacha miti nyuma, tunakatiza mashamba ya viazi. Maana yake ukingoni tunaondoka saa nane mchana, picha zitoshe zisitoshe. Kupanda kutoka mwanzo wa msitu, mtu aliyezoea anatumia kama saa moja hadi saa moja na nusu. Kwa hawa naweka saa mbili. Wanatoka usawa wa bahari, na ukingo wa Ngosi sehemu zake za juu unafika mita 2,600 hivi. Ukiharakisha hapo pumzi inakata na kichwa kinaanza kugonga. Halafu kuna zile kilomita sita au saba za vumbi kutoka Isongole, tutakaposhuka kwenye gari, hadi mwanzo wa msitu. Bodaboda zipo, lakini kwenda tutatembea ili miguu ipate moto polepole. Bodaboda nitaziweka kwa kurudi, magoti yakishachoka.

Ukijumlisha hayo yote, saa kumi na mbili alfajiri tuwe Uyole tumekaa ndani ya Coaster ya Tukuyu. Mpwa wangu wa kike alinipigia kulalamika. "Mjomba, saa kumi na mbili si bado usiku?" Nikamwambia mwanangu, ukungu hauna likizo. Hewa yenye unyevunyevu inapanda kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ikikutana na milima ya Uporoto na Rungwe inapoa na kugeuka mawingu, na mara nyingi mchana mawingu hayo yanakaa juu ya ziwa. Nimewahi kukutana na watu waliosafiri kutwa nzima kuja kuliona, wakafika ukingoni saa tisa na kusimama mbele ya weupe mtupu. Iliniuma. Nataka hawa wangu wafike saa tano, wakiwa bado na nguvu za kushangaa.

Viatu ndiyo habari ninayoirudia kila siku kwenye simu. Njia ya msituni inabaki na utelezi hata kiangazi, kwa sababu jua haliigusi. Udongo ni mweusi, laini, umejaa majani yaliyooza, na penye mwinuko mkali ngazi zako ni mizizi. Unaweka kisigino nyuma ya mzizi, unajaribu uzito kidogo, ndipo unanyanyua mguu wa pili. Ukikanyaga juu ya mzizi wenyewe umekwenda. Raba za mjini zenye soli iliyolika sizikubali kabisa. Bora gumbuti inayokubana vizuri, na soksi mbili. Suruali iingie ndani ya soksi, maana siafu wa msitu ule hawapigi hodi. Fimbo tutakata? Hapana, ni msitu wa hifadhi. Ninazo mbili nyumbani.

Chakula ameshakipanga mama watoto: viazi vya kuchemsha, mayai, ndizi, karanga, na chupa ya chai ya tangawizi. Maji lita mbili kila mmoja. Sweta na koti la mvua, hata anga ikiwa safi. Basi.

Sasa suala la kushuka hadi majini. Kijana wa kiume keshauliza kama tutaogelea. Jibu ni hapana, na hatutashuka. Ngosi ni shimo lililobaki baada ya volkano kulipuka na kudidimia, kwa hiyo kuta zake zinakwenda chini kama ukuta wa kisima, zaidi ya mita 200. Kuna kinjia, watu wanashuka wakishikilia mizizi na matawi. Lakini kila hatua ya kushuka utailipa kwa kupanda, na ziwa lenyewe lina kina cha zaidi ya mita 70, halina ufukwe wa maana wa kumpokea mtu aliyechoka. Mtu anayekuja mara ya kwanza, miguu ikitetemeka, simpeleki huko. Kutoka juu unaliona lote, maji ya kijani yaliyozungukwa na msitu pande zote, bila mto unaotoka.

Wamesikia pia habari za kipunji, yule kima aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2005. Nimewaeleza kwamba sifa hizo ni za Mlima Rungwe, ng'ambo ya barabara, na milima ya Livingstone. Kwetu tutegee mbega weusi wenye mikia myeupe, na kinyonga wa pembe tatu kwa atakayekuwa na subira ya kuchungulia matawi.

Kilichobaki ni kiingilio cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, na kumthibitisha kijana wa Isongole anayetuongoza. Ijumaa jioni nitampigia nimuulize hali ya njia. Akisema mvua imenyesha usiku wa kuamkia hapo, tunasogeza hadi Jumapili, na Jumamosi nitawapeleka sokoni Mwanjelwa wakajaribu gumbuti.