Kayaki Yenye Kulia Mbili

Kijana wa ukaguzi uwanja wa ndege aliitoa betri kwenye begi langu la mgongoni, akaipima uzito mkononi kama anayechagua papai. "Ya nini hii?" Ya taa. "Taa gani?" Za mtumbwi. Akaniangalia, akaiangalia pasi yangu, akamwita mkubwa wake.

Nilikuwa nimejiandaa. Betri ya akiba ya lithiamu haiendi kwenye mzigo wa chini ya ndege, unaibeba mkononi, na isipozidi wati-saa 100 huhitaji kuomba ruhusa ya shirika. Yangu ni ya volti 12.8 na ampea-saa 7. Zidisha, unapata kama 90. Mkubwa alisoma maandishi ubavuni, akairudisha. Nyuma yangu kulikuwa na mama wa Kitanzania aliyeshuhudia yote. "Mwanangu, watu wanapeleka simu nyumbani, wewe unapeleka betri?"

Nilipeleka betri, na mita nne za taa za LED za kijani, na taa moja nyeupe yenye mlingoti wake. Vyote kwa ajili ya kayaki iliyokuwa inanisubiri Katonga, kwetu Kigoma.

Niwaeleze wasionijua. Nimezaliwa Kigoma, mwisho wa reli, na sasa ni mwaka wa tisa naishi Houston. Nafanya kazi ghalani zamu ya jioni, natoka saa sita usiku, na Julai ya Texas mchana haivuliki, jua linakuchoma mpaka kwenye kope. Kwa hiyo mimi na wenzangu wawili wa kazini, mmoja Mvietinamu na mwingine wa hapo hapo Texas, tunashuka Galveston usiku na kayaki zetu juu ya gari. Huko nimejifunza kuvua samaki wa maji ya chumvi, na nimejifunza pia kufunga taa. Sheria ya Texas kwa chombo cha kupiga kafi ni fupi: tangu jua linapozama hadi linapochomoza uonyeshe mwanga mweupe, hata tochi inatosha. Lakini watu hawaishii kwenye tochi. Wanabandika mikanda ya LED ya kijani ubavuni, kwa sababu kijani kinapenya vizuri kwenye maji yale ya ghuba. Vijidudu vinajaa kwenye mwanga, uduvi na visamaki vinafuata, na samaki wakubwa wanakuja nyuma yao. Mara ya kwanza kuona vile nilicheka peke yangu gizani. Karabai! Wazee wetu wa dagaa walikuwa wanafanya hivyo hivyo kabla mimi sijazaliwa, na kabla ya karabai walikuwa wanawasha kuni kwenye mtumbwi.

Basi mwaka jana binamu yangu alinipigia. Mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake Kigoma anauza kayaki, ya plastiki, ya kukalia juu, nzima kabisa. Nikatuma hela usiku ule ule. Habari ikazunguka ukoo kwa namna yake: kwamba nimeombwa mchango wa bati nikasema sina, halafu nimenunua mtumbwi wa mtu mmoja usio na injini. Zote mbili ni kweli, sina la kujitetea.

Kazi ya kufunga tuliifanya nyuma ya nyumba ya baba mdogo. Yeye amevua dagaa zaidi ya miaka thelathini, sasa magoti yamegoma, anashona nyavu za wengine. Aliizunguka kayaki mara mbili bila kusema kitu. Nilipochukua keke ya kutobolea ndipo akauliza, "Unataka kufanya nini?" Nikamwambia natoboa tundu mbili za kupitishia waya na nane za kukazia mkanda. Akaninyang'anya. "Chombo hakitobolewi ili kipendeze."

Kusema kweli mkanda ule ulikuwa umenishinda hata Texas. Gundi yake inashika kwenye kioo, inashika kwenye mbao iliyopigwa rangi, lakini plastiki ya kayaki ina utelezi kama mafuta ya mawese. Usiku wa kwanza inashika, wa pili unaburuta mkanda majini kama mkia. Baba mdogo akaingia ndani akatoka na uzi wa nailoni na sindano ya nyavu. Kayaki ina kamba ya kushikia inayozunguka ubavuni. Akaushona mkanda kwenye kamba ile, fundo kila baada ya shubiri, chini ya mdomo wa chombo ili macho yasione taa zenyewe, yaone maji tu. Nusu saa, kamaliza. Mpaka leo sijaona kazi nzuri kama ile Galveston nzima.

Umeme nilifanya mimi. Betri ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, limefungwa nyuma ya kiti. Fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na ncha chanya, kwa sababu waya ukikatika ukagusana, bila fyuzi unakuwa umekalia jiko. Swichi mbili, moja ya kijani na moja ya nyeupe, zisitegemeane. Maungio niliyatia lehemu, nikayavisha mpira unaobana kwa joto, nikapaka grisi. Maji ya chumvi yalinifundisha adabu: msimu wa kwanza Galveston shaba yote ndani ya waya iligeuka kijani ikakatika kama biskuti. Ziwa letu, Tanganyika, ni maji baridi, lina huruma zaidi, ila mazoea ni mazoea.

Hesabu ya chaji ni rahisi na wengi hawaipigi. Mkanda wangu unakula kama wati 5 kwa mita. Mita nne ni 20, gawanya kwa volti 12, unapata chini kidogo ya ampea 2. Betri ya 7 inakupa saa nne na kidogo. Taa nyeupe inakula wati 2 tu, ingewaka usiku hata tatu. Ukitumia betri ya asidi kama ya pikipiki, hesabu nusu tu ya kilichoandikwa, kwa sababu ukiikausha unaiua, na ina uzito mara mbili na zaidi.

Tulingoja giza. Wa bara mnisamehe: kwenye ziwa letu mwezi ukijaa wavuvi wa dagaa hupumzika, maana mbalamwezi inashindana na taa na dagaa hawakusanyiki. Mwaka 2024 nilikuja likizo nikakuta serikali imelifunga ziwa, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Nilikaa ufukweni nikitazama weusi mtupu. Safari hii taa zilikuwa zimerudi. Nyingi sasa ni za sola na betri, ila baba mdogo bado anaziita zote karabai.

Niliingia majini saa mbili usiku. Binamu yangu alinifuata kwa mtumbwi na rafiki yake, jaketi okozi nimevaa, ziwa limetulia kama uji uliopoa. Chini yangu sikutaka kuwaza. Ziwa hili kina chake kinafika mita 1,470, na hapo karibu na Katonga hata mita mia zinakuja upesi. Nikawasha vyote.

Uzuri wake siwezi kukataa. Maji yaliwaka kijani pande zote, naona kafi likishuka, naona vidagaa kama sindano. Kwa dakika tano nilikuwa mfalme. Halafu wadudu wakaja. Halafu nikagundua kuwa nje ya ule mduara wa kijani sioni kitu chochote, hata mtumbwi wa binamu ulio umbali wa kutupa jiwe. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza, na mimi nilikuwa nimeyapiga kwa wati 20 kutoka chini. Kumbe Galveston nilikuwa naokolewa na taa za nyumba na magati. Hapa hakuna kitu cha kukuokoa.

Sauti ikatoka upande wa taa za dagaa: "Nani kafungua baa ziwani?" Kicheko. Nyingine haikucheka. Ilisema niondoke, nawavutia dagaa kutoka kwenye taa yao, na ilinitajia mama yangu. Walikuwa na haki. Wamelipa mafuta, wamekaa saa nzima wakikusanya kundi lao, na mimi nimeingia pale na mapambo.

Kilichonitoa jasho ni cha tatu. Boti ya mizigo yenye injini ilikuwa inakuja kutoka kusini, naisikia tu. Nilijua taa yangu nyeupe iko juu mlingotini, nyuma yangu, kwa hiyo nimeonekana. Haikupunguza mwendo. Binamu ndiye aliyepiga kelele na kummulika nahodha tochi usoni. Ikakata kona, wimbi lake likaniingia mapajani. Nahodha akapaza sauti: "Nilidhani unaenda kule!"

Nilimsimulia baba mdogo asubuhi, tunakunywa chai. Hakushangaa. Aliuliza rangi tu. Kijani upande gani? Pande zote mbili, baba. Akaweka kikombe chini.

"Liemba unaijua taa zake?"

Naijua Liemba kama kila mtoto wa Kigoma: meli ya Wajerumani ya 1913, ilizamishwa vitani, ikaibuliwa, ikabeba watu miaka na miaka. Taa zake sikuwahi kuziangalia. Yeye alizisoma maisha yake yote kwa sababu mtumbwi wa dagaa ukikaa mbele ya meli hakuna mjadala. Nyekundu iko kushoto kwa meli, kijani kulia. Ukiona nyekundu peke yake, inakupita kutoka kulia kwako kwenda kushoto. Ukiona kijani peke yake, kinyume chake. Ukiona zote mbili pamoja, acha wavu, inakujia.

"Sasa wewe," akasema, "una kulia mbili. Mtu akikutazama kutoka upande wowote anaona ubavu wa kulia. Unamdanganya, halafu unataka akupishe."

Miaka mitano nimefunga taa Texas, nimesoma sheria za walinzi wa pwani wa Marekani zenye rangi hizo hizo, na sikuwahi kuunganisha. Nilizichukulia taa za kijani kama chambo tu. Yule nahodha alizisoma kama maneno.

Tulibadilisha mambo siku hiyo hiyo. Mkanda ukafumuliwa. Taa nyeupe ikapandishwa, maana nayo ilikuwa na kasoro: nikikaa wima kichwa changu kilikuwa kinaizidi, kwa hiyo boti inayokuja kwa mbele ilikuwa inaona mtu mweusi gizani. Sasa iko juu ya kichwa kwa zaidi ya shubiri mbili, na nimeizungushia kikombe cheusi chini ili isinimulike mabega. Kwenye ncha zote mbili za kafi nimebandika tepu inayoakisi mwanga. Kafi linapanda na kushuka, mtu akimulika anaona kitu kinachocheza, na ziwani kitu kinachocheza ni mtu. Tochi inaning'inia shingoni. Siku ya mwisho nilivua migebuka miwili kwa mshipi, bila kijani, mbali na taa za watu, na hakuna aliyenitukana.

Mkanda wa kijani aliuchukua mama mdogo. Ameufunga kwenye kibanda chake cha samaki wa kukaanga Kibirizi, umezunguka meza yote. Juzi amenipigia Houston, nikadhani ni mchango wa bati. Kumbe wateja wanapenda, ila betri inaisha baada ya saa nne tu, na anataka kujua kama ninaweza kumtumia kubwa zaidi.